Meneja mkuu wa hoki akibeba kombe, sifa ni zake au za aliyemtangulia? Tuanze na Dale Tallon

#1 mzamiaji wa Alberta

Wakuu, salaam. Najua wengi humu ni watu wa soka, ila tangu Edmonton na Florida wakutane fainali mbili mfululizo naona tunaofuatilia hoki ya barafuni tumeongezeka, na kuna ubishi mmoja haujaisha: Bill Zito, meneja mkuu wa Florida, ni fundi kweli, au karithi timu ya mtu?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili wa kupinga apinge. Kombe peke yake halimpimi meneja mkuu, tarehe ndizo zinazompima. Chukua kikosi kilichobeba kombe, pita mchezaji mmoja mmoja, uliza aliingia lini na siku hiyo ofisini alikaa nani. Ukimaliza hilo zoezi, kuna majina yanayoimbwa sana yatapungua uzito.

Kwa wageni kidogo. Kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, kocha anapanga nani acheze. Meneja mkuu ndiye anayesajili, anayebadilishana wachezaji na timu nyingine, anayesaini mikataba, anayeajiri na kufukuza kocha, na chini yake ndiko maskauti wanakochagua vijana kwenye drafti ya kila mwaka, pale timu zinapochagua kwa zamu, raundi kwa raundi. Tangu 2005 kuna ukomo wa mishahara, sawa kwa timu zote. Ulianza dola milioni 39, na msimu wa 2024-25 ulifika milioni 88. Tajiri hawezi tena kununua ubingwa kwa fedha tu, ndiyo maana siku hizi sifa zote anamiminiwa meneja.

Sasa Chicago. Juni 2010 wanabeba Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa NHL, baada ya kukaa tangu 1961, na meneja mkuu ni Stan Bowman. Lakini Bowman alipewa kiti Julai 2009, miezi kumi na moja tu nyuma. Nahodha Jonathan Toews (drafti ya 2006, namba 3) na Patrick Kane (2007, namba 1), aliyefunga goli la ubingwa kwenye muda wa nyongeza, walichaguliwa na Dale Tallon, aliyekalia kiti kabla ya Bowman. Patrick Sharp aliletwa na Tallon kutoka Philadelphia. Marian Hossa alisaini na Tallon miaka 12 kwa dola milioni 62.8, na wiki mbili hazikupita Tallon akashushwa cheo! Kosa lililomponza ni la karani: nyaraka za kuwabakiza vijana ambao mikataba yao ilikuwa inaisha zilichelewa kutumwa, klabu ikalazimika kuwalipa zaidi ya ilivyopanga.

Ila kabla hatujamvika Tallon taji, rudini nyuma zaidi. Duncan Keith ni wa drafti ya 2002. Brent Seabrook, kipa Corey Crawford na Dustin Byfuglien wote ni wa 2003, tena Byfuglien alichukuliwa raundi ya nane. Hao ni wa enzi ya Mike Smith, ambaye alifukuzwa Oktoba hiyo hiyo ya 2003. Nani anamtaja Mike Smith leo?

Tallon akaenda Florida Mei 2010, wiki chache kabla Chicago haijabeba kombe lake. Kule akamchagua Aleksander Barkov 2013 na Aaron Ekblad 2014, na mwaka 2019 akamsajili kipa Sergei Bobrovsky kwa dola milioni 70 kwa miaka saba. Mkataba ule ulichekwa sana, mimi nikiwemo kwenye wachekaji. Aliondoka 2020, Zito akakalia kiti. Florida ikabeba kombe 2024 na 2025, nahodha Barkov, kipa Bobrovsky, Ekblad yumo.

Yaani mtu mmoja kaweka msingi wa timu mbili zilizokuja kuwa bingwa, na mara zote mbili kombe limebebwa mwingine akiwa kwenye kiti. Karibuni tubishane.

#2 kipamkongwe

Mkuu, nakupinga hapo kwa Bowman. 2010 sawa, mvue. Lakini umesahau kilichofuata. Ubingwa ule uliivunja bajeti. Ukomo wa mishahara ulimlazimisha ndani ya kiangazi kimoja aachane na Byfuglien, Andrew Ladd, Kris Versteeg, na hata kipa wa ubingwa Antti Niemi, baada ya msuluhishi kumpangia mshahara wa milioni 2.75 ambao klabu ikaukataa. Timu nyingine hapo ingekwisha. Chicago ikabeba tena 2013 na 2015.

Nani aliziba mapengo? Brandon Saad na Andrew Shaw ni wa drafti ya 2011, yaani wake. Nick Leddy kamtoa Minnesota akiwa bado kijana, akampeleka Cam Barker. Johnny Oduya kamleta 2012. Hao si wa Tallon. Kurithi mali ni rahisi, kuirithi ikiwa na madeni halafu ukaizidisha ni kazi.

#3 mzamiaji wa Alberta

Kipa, hoja yako ina nguvu na 2015 nampa. Ila kwenye 2013 kumbuka mchezo wa mwisho kule Boston. Chicago wako nyuma 2-1, imebaki dakika moja na ushee. Bryan Bickell anasawazisha, sekunde 17 baadaye Dave Bolland anafunga la ubingwa. Wote wawili ni wa raundi ya pili ya drafti ya 2004, wakati huo meneja ni Bob Pulford. Kabla ya Bowman, na kabla hata ya Tallon!

Halafu fuata mstari mbele pia, si nyuma tu. 2014 Bowman aliwapa Toews na Kane milioni 10.5 kila mmoja kwa mwaka, miaka minane. Baada ya kombe la 2015, St. Louis wakawatoa raundi ya kwanza 2016, Nashville wakawafagia 4-0 mwaka 2017, kiangazi hicho akamtoa Artemi Panarin kumrudisha Saad. Timu ikaporomoka. Ukimpa sifa za makombe, mpe na bili yake.

#4 Shangazi Kaja

Nyie mnabishana tarehe kana kwamba hawa watu wanatawala mambo. Hoki bahati ni nyingi mno. Mechi nzima timu inafunga magoli matatu, puki (kile kisahani kinachopigwa badala ya mpira) inagonga sketi ya beki inaingia wavuni, mtu anaitwa fundi.

Hebu tukumbushane Aprili 2023. Florida wanapigania nafasi ya mwisho ya mtoano upande wa Mashariki dhidi ya Pittsburgh. Pittsburgh wako nyumbani wanacheza na Chicago, timu iliyokuwa inaburuza mkia, isiyo na la kupoteza. Chicago wakashinda 5-2. Florida wakapita kwa pointi 92, Pittsburgh wakabaki na 91. Siku tatu baadaye meneja mkuu wa Pittsburgh, Ron Hextall, akafukuzwa. Florida wakaenda kukutana na Boston waliokuwa wameweka rekodi ya pointi 135. Mchezo wa saba, imebaki kama dakika moja, Boston wanaongoza, Brandon Montour akasawazisha. Carter Verhaeghe akamaliza kwenye muda wa nyongeza. Florida wakafika fainali.

Sasa niambieni: Montour angekosa, Zito leo mngemwitaje? Si mngesema yule aliyemtoa Jonathan Huberdeau mwenye pointi 115 (magoli na pasi za magoli), akaibomoa timu iliyoongoza ligi nzima msimu uliotangulia? Akili ya Zito isingebadilika hata chembe. Hukumu yenu ndiyo ingebadilika.

#5 mzamiaji wa Alberta

Shangazi, shikamoo. Hapo umesema kweli, na ndiyo hasa sababu yangu ya kusema kombe halipimi. Bahati hiyo inaamua kombe linaenda wapi, haiamui usajili ulikuwa mzuri au mbaya. Ule uamuzi wa kumchukua Matthew Tkachuk Julai 2022 tuupime kwa Julai 2022: mshambuliaji wa miaka 24, alikuwa ametoka kupata pointi 104, yuko tayari kusaini miaka minane, unamtoa Huberdeau wa miaka 29 aliyebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba, pamoja na beki MacKenzie Weegar, kijana mmoja na chaguo la raundi ya kwanza, yaani zamu ya kuchagua kwenye drafti. Mimi siku ile niliona bei kubwa lakini mantiki ipo. Goli la Montour liingie, lisiingie, mantiki ilikuwepo.

#6 Mnyalu wa Minnesota

Bahati ya drafti nayo msiisahau. Colorado 2016-17 walikuwa timu mbovu kuliko zote, pointi 48, Joe Sakic akiwa meneja anazomewa. Kwenye bahati nasibu ya drafti wao ndio walikuwa na nafasi kubwa ya kupata namba moja. Wakaikosa, wakateremka mpaka namba nne. Vilio! Mbele yao New Jersey wakachukua Nico Hischier, Philadelphia Nolan Patrick, Dallas Miro Heiskanen. Colorado wakabakiziwa Cale Makar, ambaye 2022 akawa mchezaji bora wa mtoano wakati wanabeba kombe. Wangeshinda bahati nasibu yao, kwa maoni ya maskauti wengi ya mwaka ule, wangemchukua Hischier au Patrick.

Kwa hiyo Sakic alisaidiwa na kushindwa. Mnampaje sifa hapo?

#7 kipamkongwe

Mnyalu, kwa Makar usimpe. Mpe kwa Matt Duchene. Duchene alitaka kuondoka, timu zote zikajua, kila mtu akampigia Sakic simu na ofa za kumlalia. Jamaa akakaa kimya mwaka mzima, magazeti yanamtukana. Novemba 2017 akafanya biashara ya timu tatu, na kati ya alivyopata kulikuwa na chaguo la raundi ya kwanza la Ottawa. Ottawa wakaanguka vibaya, lile chaguo likawa namba nne ya 2019, akapatikana Bowen Byram, aliyecheza kwenye ubingwa wa 2022. Kuanguka kwa Ottawa ni bahati, kukataa ofa mbovu miezi yote ile ni akili yake. Na Devon Toews kampata kwa chaguo mbili za raundi ya pili, sababu New York Islanders walikuwa wamebanwa na ukomo wa mishahara. Aliwasoma shida yao.

#8 Mtetezi wa Kodi

Watu wazima mnazunguka. Jibu la Florida ni kodi! Jimbo la Florida halitozi kodi ya mapato ya jimbo. Mchezaji akisaini milioni nane pale anabaki na fungu nono kuliko wa Montreal au Toronto. Ongeza jua na bahari. Hata mimi ningekuwa meneja ningebeba.

#9 mzamiaji wa Alberta

Mtetezi, kodi ni faida ya kweli, siibishii. Ila jiulize: faida ile ilianza lini? Florida walifika fainali 1996, na baada ya hapo hawakushinda raundi hata moja ya mtoano mpaka 2022. Miaka yote ile jua lilikuwepo, bahari ilikuwepo, na kodi ya jimbo haikuwepo. Waliokaa kwenye kile kiti ni wengi, Tallon mwenyewe akiwemo mara mbili.

Tena hebu tazama Zito aliwapataje watu wake. Verhaeghe: Tampa hawakutaka kumbakiza, akasaini Oktoba 2020 kwa milioni moja kwa mwaka. Gustav Forsling: Carolina walimweka kwenye orodha ya wasiohitajika, Januari 2021 Zito akamwokota bila kutoa kitu, leo ni miongoni mwa mabeki bora wa ligi. Sam Bennett: Calgary walimchoka, akatolewa kwa chaguo la raundi ya pili na kijana mmoja. Huyo Bennett ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mtoano 2025. Sam Reinhart: Buffalo, kwa kipa kinda na chaguo la raundi ya kwanza, akaja kufunga magoli 57 msimu mmoja, na goli la ushindi la mchezo wa saba wa 2024 ni lake. Katika hao wanne hakuna aliyefuata kodi. Watatu hawakuwa na la kuchagua, walitupwa au walibadilishwa.

Hapo ndipo nami nampa Zito sifa zake bila kinyongo. Alimkuta Barkov, Ekblad na Bobrovsky. Karibu kila kilichowazunguka kaleta yeye.

#10 Ndugu wa Panari

Wazee, salamu kutoka Nairobi. Sisi tuliojifunzia kuteleza pale Panari, Barabara ya Mombasa, hoki tunaiona kwa mapenzi tu, ila niulize la msingi: kwa nini sifa za drafti anapewa meneja? Si yeye anayekaa kwenye viwanja vya baridi kule Urusi na Sweden kutazama vijana.

Detroit ndio mfano. Ken Holland, aliyekuwa meneja wao, anasifiwa kwa Pavel Datsyuk (1998, namba 171) na Henrik Zetterberg (1999, namba 210). Aliyewaona ni skauti wao wa Ulaya, Håkan Andersson. Na hata huyo tusimwabudu. Kama Detroit walijua Datsyuk atakuwa vile, wangengoja mpaka namba 171? Wao wenyewe walimruka raundi kadhaa wakachagua wengine. Walihisi kitu, hawakujua.

#11 Shangazi Kaja

Panari, umenikosha. Marahaba kwa wote walionisalimu, na ambao hawakusalimia nimewaona.

#12 Mnyalu wa Minnesota

Kwa hoja ya Panari naongeza Boston, maana ile ndiyo kesi inayonichekesha kuliko zote. Kombe la 2011 liko kwa jina la Peter Chiarelli. Chiarelli aliajiriwa Mei 2006 akitokea Ottawa, lakini kwa makubaliano na Ottawa hakuruhusiwa kuanza kazi mpaka Julai. Kiti kikashikiliwa na kaimu, Jeff Gorton. Ndani ya zile wiki chache kaimu akamchukua Tuukka Rask kutoka Toronto kwa kumtoa Andrew Raycroft, akasimamia drafti iliyowaleta Phil Kessel, Milan Lucic na Brad Marchand (namba 71), na tarehe 1 Julai Zdeno Chara akasaini. Kaimu! Patrice Bergeron naye alikuwa ameshachaguliwa 2003.

Tuwe waungwana: Kessel alipouzwa Toronto 2009 hiyo ilikuwa kazi ya Chiarelli, na chaguo moja alilopata likawa Tyler Seguin. Ila yeye huyo huyo akamtoa Seguin 2013, akafukuzwa 2015, akaenda Edmonton, mwaka uliofuata akamtoa Taylor Hall kwa Adam Larsson mtu kwa mtu, na Lucic akampa milioni 42. Alifukuzwa huko pia, Januari 2019, na alikuwa na Connor McDavid ndani ya kikosi muda wote.

Kwenye fainali ya 2011 kipa Tim Thomas aliruhusu magoli manane katika mechi saba. Kipa akicheza hivyo, hata karani wa tiketi angeonekana meneja hodari.

#13 kipamkongwe

Sisi makipa huwa tunasema hivyo kila siku, hamtusikii.

#14 Mama Wawili, Chicago

Nimesoma wote kimya, sasa naomba niseme. Mnapima sifa za Bowman kwa majina ya wachezaji tu. Oktoba 2021 alijiuzulu baada ya ripoti ya uchunguzi kuhusu 2010: mchezaji kijana alimtuhumu kocha wa video kumdhalilisha kingono, viongozi wakakaa kikao timu ikiwa kwenye mtoano, halafu kwa wiki tatu, mpaka kombe limebebwa, hakikufanyika kitu. Bowman alikuwemo kwenye kikao kile. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 2.

Mimi naishi huku. Nilikuwa shabiki wa timu ile. Mkipiga hesabu ya nani alileta nini 2010, ile nayo ni ya 2010, na aliyekuwa ofisini anajulikana.

#15 mzamiaji wa Alberta

Mama, nimekuelewa na sina cha kupunguza. Kwenye bandiko la kwanza nilimvua Bowman kombe la 2010 kwa sababu ya tarehe za usajili, na kwa kipimo hicho hicho cha tarehe lile la kikao linamhusu yeye moja kwa moja, si Tallon wala Mike Smith. Ligi ilimruhusu kurudi kazini Julai 2024, Edmonton ikamchukua mwezi huo huo. Huku mjini wapo waliorudisha jezi.

#16 kipamkongwe

Turudi kwa Tallon basi, maana mleta uzi unampamba sana. Mbona hujaitaja 2017? Vegas wanaanza timu mpya, kila klabu inatoa mchezaji. Florida ya Tallon ikamwacha Jonathan Marchessault, aliyetoka kufunga magoli 30, na juu yake ikawapa Reilly Smith kwa chaguo la raundi ya nne ili Vegas waubebe mkataba wake. Fainali ya 2023 Vegas wakaipiga Florida 4-1. Mchezaji bora wa mtoano? Marchessault.

#17 mzamiaji wa Alberta

Sikuitaja kwa sababu nilijua utaitaja wewe. Ndiyo, ile ni dhambi ya Tallon, haina mjomba. Na ndiyo maana sisemi ni bingwa aliyedhulumiwa. Ana jicho la vipaji, na ofisi inamshinda: nyaraka zilizochelewa 2009, hesabu ya Vegas 2017. Ukimpa miaka mitano atakupatia msingi, ila mtafute mtu wa kumshikia kalamu.

Na kama unataka kisa kikali zaidi cha tarehe, tazama Washington. George McPhee alikuwa pale 1997 mpaka 2014. Alex Ovechkin, Nicklas Bäckström, John Carlson, Evgeny Kuznetsov, kipa Braden Holtby, wote ni wa drafti zake. Akafukuzwa, akaenda kuijenga hiyo Vegas. Msimu wa kwanza tu akafika fainali, 2018. Akapigwa 4-1. Na nani? Na Washington, wachezaji aliowachagua mwenyewe, chini ya Brian MacLellan aliyekuwa msaidizi wake.

#18 Mtetezi wa Kodi

Nevada nako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, nawakumbusha tu.

#19 Mnyalu wa Minnesota

Mods, huyu mtu mumfungie. Mleta uzi, swali la mwisho: Bowman hapo Edmonton, fainali ya 2025 ni yake au ya Holland, yule yule wa Detroit, aliyemwachia kikosi?

#20 mzamiaji wa Alberta

McDavid ni wa bahati nasibu ya 2015. Leon Draisaitl ni wa 2014, Evan Bouchard 2018, wote kabla ya Holland. Zach Hyman na Mattias Ekholm ni wa Holland. Cha Bowman mwenyewe ninachokiona waziwazi mpaka fainali ile ni mkataba mpya wa Draisaitl, milioni 112 kwa miaka minane, na Agosti 2024 pale St. Louis walipowawekea ofa Philip Broberg na Dylan Holloway kwa mpigo, naye akashindwa kuwazuia kwa kuwa bajeti ilikuwa imeshajaa. Aliyeijaza ni nani? Sehemu kubwa ya mikataba ile Holland ndiye aliyeisaini, lakini mingine ya kiangazi kile ilisainiwa Holland ameshaondoka na Bowman hajaingia, kiti kikishikiliwa na Jeff Jackson.

#21 kipamkongwe

Kaimu tena!